Popo wa Durba na wagonjwa wa Kamituga: utafiti wa virusi uanzie wapi?

Mwishoni mwa Januari 2025, wakati sisi wa Goma tulikuwa tumelala sakafuni tukisikiliza mabomu, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitoa wito ambao wengi wetu tuliusikia siku kadhaa baadaye, umeme uliporudi: sampuli zilizomo katika maabara ya INRB, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mjini kwetu, zikiwamo za Ebola, zilindwe, kwa kuwa zikitawanyika madhara yake hayafikiriki. Mama mmoja jirani yangu aliniuliza kwa nini ugonjwa uliokwisha bado umewekwa kwenye friji. Wataalamu nao wanabishania swali lake kwa maneno mengine: je, ni halali na ni busara kuvitafuta na kuvihifadhi virusi vya wanyama kabla havijamfikia binadamu, au nguvu zote zielekezwe kwa mtu wa kwanza anayeugua?

Wanaotaka kazi ianzie porini wana hoja nzito. Marburg (homa kali iliyo ndugu wa Ebola), mpox (ugonjwa wa vipele) na hata UKIMWI, ambao chimbuko lake ni kirusi cha sokwe mtu wa Afrika ya Kati, vyote vilitoka kwa wanyama. Basi, wanasema, ni heri kumjua adui angali kichakani. Kwa fikra hiyo Marekani ilifadhili, kuanzia 2009 hadi 2020, mpango wa PREDICT uliogharimu yapata dola milioni 200 na kugundua mamia ya virusi vipya, kikiwamo cha Bombali, ndugu wa Ebola, kilichopatikana kwa popo wa Sierra Leone bila mgonjwa yeyote kujulikana.

Lakini mfano unaonishawishi zaidi hautoki kwenye mpango huo mkubwa, unatoka Durba, kaskazini-mashariki mwa nchi yetu, Kongo. Kati ya 1998 na 2000 watu 154 waliugua Marburg huko na 128 wakafa, wengi wao wakiwa vijana waliochimba dhahabu katika mgodi wa Goroumbwa. Uchunguzi wa jeni ulionyesha kwamba virusi havikuwa vya aina moja, yaani ugonjwa haukuingia mara moja tu na kusambaa, bali uliwarukia wachimbaji tena na tena kutoka chanzo kilekile, na mlipuko ulikoma mgodi ulipojaa maji. Baadaye, wachimbaji walipougua mwaka 2007 katika mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, watafiti waliingia humo na kutoa Marburg hai kutoka kwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni. Wenye mgodi walichukua hatua ambayo hata mimi ningeichukua: wakawaua popo wote. Mwaka 2012 Marburg ikalipuka tena katika eneo hilohilo, na popo waliokwisha kurudi Kitaka walipopimwa, asilimia 13.3 walikuwa na kirusi, ilhali zamani walikuwa asilimia 5.1. Maelezo ya watafiti ni kwamba nafasi iliyoachwa wazi ilijazwa na popo wageni na wachanga wasio na kinga. Bila utafiti wa wanyama, nani angejua kwamba kuua popo kunaweza kuongeza hatari badala ya kuipunguza?

Upande wa pili hauidharau kazi hiyo. Unahoji ukubwa wa ndoto iliyojengwa juu yake. Inakadiriwa kwamba mamalia na ndege wanabeba aina zaidi ya milioni 1.6 za virusi tusivyovijua, na mwaka 2018 wanasayansi Edward Holmes, Andrew Rambaut na Kristian Andersen walionya kwamba kuviorodhesha hakutatuambia ni kipi kitakachomrukia mtu, sembuse kipi kitakachoenea kati ya watu. Hesabu ya Ebola inawapa nguvu. Tangu mlipuko wa kwanza wa Kongo, ule wa Yambuku mwaka 1976, hakuna aliyefanikiwa kutoa Ebola hai ya aina ile kutoka kwa popo. Kilichopatikana ni kingamwili na vipande vya jeni tu. Na mlipuko wa Butembo wa Februari 2021 haukuhitaji popo hata mmoja, kwa kuwa jeni za kirusi ziliuunganisha na ule wa 2018 hadi 2020, uliotuulia watu 2,287: kirusi kilikuwa kimebaki katika mwili wa binadamu aliyepona. Hata dawa ya Ebola iitwayo mAb114, ambayo majaribio yaliyofanyika hapa Kivu yaliithibitisha mwaka 2019, ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya 1995.

Kisha kuna Kamituga. Mpox, ambayo redio zetu huiita homa ya nyani na hivyo kuwasingizia nyani kosa ambalo huenda ni la kindi na panya wa msituni, inajulikana kwa binadamu tangu 1970, alipougua mtoto wa miezi tisa huko Basankusu. Kuanzia Septemba 2023 wagonjwa wa aina nyingine walianza kuonekana katika mji huo wa dhahabu wa Kivu Kusini: watu wazima, wengi wao wanawake wanaouza ngono na wateja wao wa kwenye baa. Sampuli za vipele vyao zilionyesha tawi jipya, Ib, lenye alama za jeni zinazojitokeza kirusi kinapopita kutoka mtu hadi mtu. Tarehe 14 Agosti 2024 Shirika la Afya Duniani likatangaza dharura ya kimataifa. Tawi hilo halikutabiriwa na orodha yoyote ya virusi vya wanyama. Lilionekana kwa sababu kuna wauguzi na waganga walioshangaa wakachukua sampuli.

Kwangu mimi, kulinganisha Durba na Kamituga kunaonyesha kwamba mgawanyo wenyewe, mnyama au mtu, umewekwa mahali pasipofaa. Utafiti wa Kitaka ulifaulu kwa sababu ulianza na wagonjwa na kurudi nyuma hadi pangoni, ukiwa na swali finyu: watu hawa wanakutana wapi na mnyama huyu? Ule wa kuzunguka misitu ukikusanya mate ya popo bila swali la namna hiyo una manufaa kwa elimu, siukatai, ila usiuzwe kwetu kama kinga.

Kuna pia gharama ambayo waandishi wa miradi hawaipangii bajeti. Wakati wa Ebola, magari ya riposte, yaani ya vikosi vya kupambana na mlipuko, yalipopita kwa wingi mitaani, watu walisema ni biashara ya Ebola, na wagonjwa wakajificha. Mtafiti anayefika kijijini akiwa amevaa kama mtu wa mwezini, akakamata popo na kuondoka bila kurudi na jibu, anaacha nyuma shaka itakayomkuta muuguzi wa kesho. Na sampuli anayoichukua lazima ilale mahali fulani, penye umeme wa uhakika na mlinzi, katika mji ambao vita vinaweza kuufikia.

Ndiyo maana, kama ningeulizwa dola za kwanza ziende wapi, ningezipeleka kwenye pikipiki, sanduku la baridi na mshahara wa muuguzi wa kituo cha afya kilicho karibu na shimo la dhahabu, kisha kwa mtafiti wa popo atakayekubali kuanza kazi yake kwa kusoma daftari la wagonjwa la muuguzi huyo.