Jina la kampuni ya kubeti halifai kukaa kifuani mwa mchezaji

Msimu mmoja nilikuwa Uwanja wa Sokoine, hapa Mbeya, Mbeya City wakicheza nyumbani, na dakika zikiwa zimebaki chache vijana wetu wakafunga goli la tatu. Jukwaa zima liliinuka. Kijana aliyekuwa kulia kwangu, amevaa jezi ya zambarau kama mimi, alibaki ameketi, mikono kichwani, kwa sababu kwenye mkeka wake, yaani tiketi yake ya kubeti, alikuwa ameweka kwamba magoli hayatazidi mawili. "Wamenichania mkeka," alisema, na aliokuwa akiwalaumu ni wachezaji wa timu yake mwenyewe.

Ninalikumbuka goli lile kila ninaposikia kwamba kampuni za kubeti ni rafiki wa soka letu. Benki inapodhamini ligi, kama NBC inavyofanya, inafaidika mimi nikifungua akaunti na kuweka akiba, na akiba hiyo inabaki yangu. Faida ya kampuni ya kubeti ni ile fedha niliyoiweka nikaikosa. Shabiki mmoja akishinda leo, ni lazima wengine wengi wawe wamepoteza ndipo biashara isimame, na wengi wao ni walewale wanaolipa kiingilio na kuimba jukwaani. Timu inayobeba jina hilo kifuani inawaelekeza watu wake wenyewe mahali pa kupoteza.

Sisemi kwamba fedha hizo si kitu. Kampuni ya kubeti ya SportPesa ilipozidhamini Simba na Yanga kwa pamoja mwaka 2017, klabu hizo zilipata fedha za uhakika, na mwaka 2022 Simba ilipohamia M-Bet, kampuni nyingine ya kubeti, fedha zilikuwa nyingi zaidi. Sisi wa nyanda za juu kusini tunaujua vizuri ukata wa timu: kutoka Mbeya kwenda Bukoba kucheza na Kagera Sugar ni kuvuka nchi kwa basi, na wachezaji wanapaswa kula, kulala na kulipwa. Hata hivyo Mbeya City, timu iliyoanzishwa na halmashauri ya jiji, ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2013 ilimaliza msimu wake wa kwanza ikiwa ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga, bila kampuni ya kubeti kifuani.

Fedha hizo zina udhaifu mwingine ambao viongozi wa klabu hawapendi kuuzungumzia. Mwaka 2019 serikali ya Kenya ilipokataa kuhuisha leseni za kampuni za kubeti, SportPesa iliondoa udhamini wake, na klabu za Gor Mahia na AFC Leopards pamoja na ligi yenyewe wakabaki mikono mitupu katika muda mfupi mno.

Linaloniumiza zaidi ni watoto. Sheria yetu inakataza mtu aliye chini ya miaka 18 kucheza michezo ya kubahatisha. Mpwa wangu, aliye darasa la pili, alinunuliwa jezi ya mojawapo ya timu kubwa, na tulipokuwa tukitembea kutoka Mwanjelwa alilisoma jina la kifuani silabi kwa silabi, kwa fahari ya mtoto anayejifunza kusoma. Kisha akauliza, "Mjomba, hawa ndio wenye timu?" Sikuwa na jibu la haraka. Dada yangu aliipeleka jezi ile kwa fundi cherehani, akashonea kitambaa cha rangi ileile juu ya jina, kazi ambayo mzazi hakupaswa kuachiwa.

Wenzetu wamekwisha kuchukua hatua. Italia ilipiga marufuku matangazo na udhamini wa kubeti kwa sheria ya mwaka 2018, na Hispania ikaliondoa jina la kampuni ya kubeti kwenye jezi kuanzia msimu wa 2021/22. Klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana Aprili 2023 kuliondoa kifuani ifikapo mwisho wa msimu wa 2025/26, ingawa mkononi mwa jezi linaruhusiwa. Hatua hiyo ya Uingereza naiona ni nusu, lakini hata hiyo nusu sisi hatujaifikia.

Ninachopendekeza hakihitaji kuvunja mkataba wa mtu. Shirikisho la soka nchini (TFF) na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha waamue kwamba kuanzia msimu ujao jezi za saizi ya watoto zishonwe bila jina la kampuni ya kubeti, na kwamba mikataba iliyopo ikimalizika isiongezwe kwa nafasi ya kifuani. Muda huo unatosha klabu zetu kubisha hodi kwa wenye viwanda vya chai vya Rungwe na Mufindi, kwa wakoboaji wa mpunga wa Mbarali na kwa wauzaji wa mbolea. Watatoa kidogo kuliko kampuni za kubeti, na kwa miaka michache ya mwanzo baadhi ya timu zitalazimika kusajili kwa kadiri ya mfuko wao. Mimi niko tayari kuiona Mbeya City ikipita katika hali hiyo, na nitaendelea kulipa kiingilio.