Aliyepigwa Ndiye Anayetoka

Leo nusura niirushe simu dirishani, na kioo chenyewe kina ufa tangu Idi. Nacheza gemu ya kriketi, na ufa umepita juu ya kitufe cha kupigia mpira, basi kila nikikibonyeza nabahatisha.

Mipira 3 imebaki, wiketi 2, yaani wakitolewa watu wangu wawili nimekwisha, nataka mikimbio 5 tu, ndiyo pointi zenyewe, niwalaze India. Nimeshika bomba kwa mkono mmoja kwenye daladala la Gongo la Mboto, wa pili umeshika gongo la kupigia mpira, la humo simuni. Kriketi nimeambukizwa na tajiri wangu wa dukani. India wakishinda ndiyo siku ya kumwomba advansi.

Mimi nachezea Kenya. Msinitukane. Timu yetu sikuiona kwenye orodha, na hao jirani 2003 walifika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Collins Obuya peke yake aliwang'oa wachezaji 5 wa Sri Lanka pale Nairobi! Waliowatoa ni India, kule Durban. Kwa hiyo nina kisasi ambacho wala si changu.

Sasa mzee mmoja wa barakashee, kakaa hapo chini yangu, simu iko usawa wa macho yake.

"Mwanangu, goli liko wapi?"

"Hakuna goli, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Sasa wanagombea nini?"

Nikamwonyesha fimbo tatu, kwamba huyu wa gongo anazilinda. Akaridhika. Mlinzi anamjua. Mara mpira ukaja, nikabonyeza, ufa ukabonyezeka, mpira ukampata mtu wangu mguuni. Mwamuzi kidole juu. Nje.

"Kafanya nini?"

"Mpira umempiga mguu."

"Masikini. Aliyempiga kapewa kadi?"

"Hapana, mzee. Anayetoka ni aliyepigwa."

Daladala zima likanyamaza. Hata konda aliacha kugonga bati.

"Yaani nirushiwe kitu, kinivunje ugoko, halafu niambiwe toka?"

"Mguu umeziba, mzee. Bila mguu, mpira ungegonga fimbo."

"Nani kasema ungegonga?"

"Yule wa kofia."

"Kapima?"

"Ka... kakadiria."

"Kalishwa huyo!" akasema mama mmoja wa siti ya nyuma, hata simu yenyewe haioni. Konda akauliza wa kofia ni wa upande gani. Nikajikuta namtetea mwamuzi aliyenitoa mimi mwenyewe! Na mrushaji wa India hana habari kwamba niko kwenye kesi. Kakimbia zake, karusha, fimbo zimeruka. Wiketi ya mwisho hiyo, na mimi mdomo wazi.

Simu ikanihurumia: tazama tangazo, ufufuke. Nikatazama. Tangazo la mkopo. Katikati ya mkopo, bando likakata.

"Hivyohivyo ndivyo walivyonifanya barazani," mzee akaendelea. Ana shamba Kisarawe. Jirani kasogeza mpaka, wazee wa baraza wakakadiria kwa macho, mwembe ukaangukia upande wa pili. Kumi na moja huzaa kwa mwaka, magunia! Nikamuuliza kama kuna aliyeshuhudia ukipandwa. Akasema yupo shangazi yake, ila kahamia Lindi na masikio yamekufa. Kokwa lenyewe alilifukia mama yake, embe kalila njiani akitoka kliniki, mzee yuko mgongoni. Mwembe ule ni wake. Na jirani, kumbe, hata embe halili, ana kisukari.