Chembe cha moyo si moyo

Mama mkubwa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja umeshika simu, mwingine umebonyeza juu ya kitovu, pale mbavu zinapokutana. "Chembe cha moyo kinaniuma," aliiambia simu. "Kinawaka kama kaa. Usiku silali."

Programu ya akili mnemba ya huduma za afya, iliyokuwa kwenye simu hiyo, ilimpa pole kwa adabu kuliko wahudumu wengi niliowahi kukutana nao. Kisha ikamuuliza maumivu ya moyo yameanza lini, kama yanapanda begani au yanashuka mkono wa kushoto, na akiyapima kuanzia 1 hadi 10 yanafika ngapi. Akanigeukia. "Kumi ya nini?" Nikamweleza. Akawaza kidogo, akasema, "Andika ya kiasi." Nikaandika 5, na hadi leo sijui ile 5 ilikuwa yake au yangu.

Aliyekulia kwenye Kiswahili anajua kuwa chembe cha moyo si moyo. Ni tumbo la juu, ndiko vidonda vya tumbo vinakouma. Siilaumu programu kwa kuuliza habari za moyo, maana hata mshtuko wa moyo huweza kusikika papo hapo, na daktari makini naye angetaka kuuondoa huo kwanza. Ninachoilaumu ni kwamba ilipoingia njia ya moyo haikutoka tena. Mwishoni iliuliza, "Je, unatumia dawa zozote?" Mama mkubwa akajibu hapana. Ikamshukuru, ikasonga mbele.

Nusu saa baadaye akapatikana nesi, naye kwa video, kwenye simu ileile. Alimwamkia, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza jambo ambalo programu haikuliwazia: "Mama, uko na nani hapo?" Akaambiwa niko mimi. Akaendelea taratibu. Goti linakusumbua? Alikuwa amemwona analisugua. Unalitulizaje? Hata dawa ya kupaka, hata vidonge ulivyopewa na jirani?

"Aa, vile vya goti tu."

Vile vya goti tu vilikuwa diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu ambayo huweza kuchubua tumbo, viwili kwa siku, mwezi wa tatu huo, mara nyingi tumbo likiwa tupu. Hakuwa ameidanganya programu. Kwake yeye dawa ni ya ugonjwa, na goti si ugonjwa, goti ni umri. Nesi akauliza habari za choo. Mama mkubwa hakuitazama simu, alinitazama mimi. Nikatoka, nikafunga mlango.

Nimeisimulia kwa urefu kwa sababu hoja yangu yote imo humo. Tunapojadili akili mnemba katika huduma za afya ya msingi mtandaoni, tunabishana sana kuhusu kiasi cha elimu iliyonayo. Elimu inayo. Programu ile, laiti ingeambiwa "mama mtu mzima, diklofenaki miezi mitatu, tumbo la juu linawaka", ingetoa jibu sahihi kabla sijamaliza kupumua. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeiambia, na haikujua kuchokonoa. Na kwenye afya ya msingi, kuchokonoa ndiyo kazi yenyewe. Mgonjwa hafiki na jina la ugonjwa, anafika na "mwili hauna nguvu". Madaktari hufundishwa tangu uanafunzi kwamba historia ya mgonjwa, yaani yale anayoyasema akiulizwa vizuri, ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya utambuzi kabla hata kipimo kimoja hakijachukuliwa.

Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford ambao natamani kila anayenunua mifumo hii ausome. Watu 1,298 nchini Uingereza walipewa visa vya ugonjwa, wengine wakasaidiwa na programu za mazungumzo za akili mnemba, wengine wakatafuta msaada walikozoea. Programu zilipopewa visa vile moja kwa moja, bila mtu katikati, zilitambua tatizo kwa asilimia 94.9. Watu wa kawaida walipozitumia programu hizohizo, waliotambua tatizo hawakufika asilimia 34.5. Hawakuwashinda wale wasiokuwa nazo. Elimu ilikuwa ileile, ila ilipotea njiani, baina ya mdomo wa mtu na sikio la mashine. Watu walitoa maelezo nusunusu, na walipopewa majibu mchanganyiko hawakujua lipi ni la kushika.

Ndiyo maana mitihani hainibabaishi. Mwaka 2018 Babylon, kampuni ya huduma za afya kwa simu, ilitangaza jijini London kwamba programu yake ilipata asilimia 81 katika maswali ya mfano wa mtihani wa madaktari wa familia wa Uingereza. Chuo cha kifalme cha madaktari hao kilipinga, na kilikuwa na haki ya kupinga. Swali la mtihani limeshachambuliwa na mtu: dalili zimepangwa, dawa zimetajwa, umri upo. Kazi ngumu imekwisha fanywa na aliyetunga swali. Babylon yenyewe ilianguka mwaka 2023, na huduma yake ya Rwanda, iliyokuwa na zaidi ya watu milioni 2 waliojiandikisha, ikazimika pamoja nayo. Hilo nalo ni somo, kwa sababu afya ya msingi ni kujuana kwa miaka. Anayekujua tangu ujauzito wa kwanza anajua presha yako ilivyokuwa kabla haijapanda.

Niseme na upande wa pili, kwa sababu upo na una uzito. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Benki ya Dunia ilikadiria kuwa mwaka 2021 watu takriban bilioni 4.5 hawakuwa na uhakika kamili wa huduma muhimu za afya. Kwa mtu aliye usiku wa manane na mtoto mwenye degedege, kumwambia asubiri daktari ni ukatili. Wala madaktari wenyewe si malaika wa kusikiliza. Mwaka 1984 Howard Beckman na Richard Frankel walichapisha utafiti uliopima muda ambao mgonjwa aliachwa aeleze shida yake kabla daktari hajamkatiza: wastani ulikuwa sekunde 18. Mashine haina foleni mlangoni. Haichoki, haikunji uso ukirudia jambo mara ya nne, na kuna watu wanaoiambia mambo ambayo hawatamwambia binadamu yeyote, hasa ya sehemu za siri na ya msongo wa akili. Nimewaona. Siwezi kuwaambia waache.

Lakini basi mashine inayosikiliza isikie kweli. Chukua Kiswahili chetu. Mmoja akisema ana homa anamaanisha joto la mwili, mwingine anamaanisha mafua na makamasi. "Nina presha" ni presha ya kupanda, isipokuwa msemaji aongeze "ya kushuka". "Naendesha" kwa mgonjwa hakuhusiani na gari. "Kichomi" chaweza kuwa nimonia, chaweza kuwa msuli uliovutika. Mwanamke akisema "sijaziona siku zangu" hajapoteza kalenda. Mfumo uliojifunza zaidi kwa Kiingereza, ukatafsiriwa juujuu, utachukua neno moja na kulipa maana moja. Nesi mwenyeji husita, huuliza tena, hucheka kidogo ili mgonjwa asione haya, kisha hupata.

Na si lugha peke yake. Programu nyingi huuliza, "Je, ngozi imekuwa nyekundu?" Kwenye ngozi nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, huenda pakawa pa zambarau, pa kijivu, au pameiva tu kuliko pengine. Swali la maana lingekuwa: pana joto ukigusa? pamevimba? panauma? Mwishoni mwa 2020 jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni, ambacho huduma za mtandaoni zinakitegemea mno. Kwa wagonjwa weusi kilikosa kuonyesha upungufu hatari wa oksijeni karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Ukimpa mashine namba hiyo ataiamini, kwa sababu namba ndiyo macho yake.

Mwaka mmoja kabla yake, Ziad Obermeyer na wenzake walionyesha kwenye jarida la Science jinsi programu moja iliyotumika sana Marekani ilivyowapanga wagonjwa waliohitaji uangalizi wa ziada. Ilitumia gharama za matibabu kama kipimo cha ugonjwa. Mtu mweusi aliyekuwa mgonjwa sawa na mweupe alikuwa ametumiwa fedha kidogo zaidi, kwa hiyo programu ikamwona mzima zaidi. Haikuwa na chuki. Ilihesabu tu kilichohesabika. Jambo hili linanikosesha raha kuliko makosa yote ya akili mnemba, kwa kuwa aliyenyimwa huduma jana anaandikwa leo kuwa haihitaji.

Basi iwekwe wapi? Mimi naona mahali pake pa kwanza ni nyuma ya mhudumu, begani kwake, si mlangoni badala yake. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2025 kutoka kliniki 15 za Penda Health jijini Nairobi yananipa moyo. Katika mahudhurio 39,849, wahudumu waliokuwa na msaidizi wa akili mnemba walifanya makosa ya utambuzi pungufu kwa asilimia 16, na ya matibabu pungufu kwa asilimia 13. Waliofanya utafiti ni Penda pamoja na OpenAI, kampuni yenye akili mnemba iliyotumika humo, kwa hiyo tuupokee tukilijua hilo. Ninachokipenda ni ule muundo. Mgonjwa alizungumza na mtu. Mashine ilisoma alichokuwa akiandika mhudumu, ikawasha kijani mambo yakiwa sawa, njano pa kutazama tena, au nyekundu pa hatari, na neno la mwisho likabaki kwa mhudumu. Wenyewe wanasema haikutosha kuiweka tu, iliwabidi kuwafuata wahudumu na kuwasaidia hadi wakazoea kuitumia.

Muundo huo unahamishika hadi kwenye huduma ya video bila shida. Wakati nesi anazungumza na mama mkubwa, mashine iandike maelezo, ili macho ya nesi yabaki usoni pa mgonjwa na kwenye goti analolisugua. Imkumbushe: hujauliza dawa za kununua dukani. Imwonyeshe kwamba mama huyu alilalamikia goti miezi mitatu iliyopita. Mgonjwa akiandika usiku, imhoji, ipange aliyosema, na ikikutana na dalili ya hatari imwamshe mtu mwenye zamu badala ya kumwachia mgonjwa orodha ya mambo saba yanayowezekana.

Natabiri nitakachojibiwa: wahudumu ni wachache, mashine ni nafuu. Ndipo hofu yangu ilipo. Mwaka 1971 daktari Julian Tudor Hart, aliyetibu wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika kwenye jarida la tiba la Lancet kwamba upatikanaji wa huduma nzuri ya tiba huenda kinyume na uhitaji: wanaoihitaji zaidi ndio wanaoipata kidogo zaidi. Akili mnemba ikiachwa ifuate fedha, tutaishia na daktari kwa mwenye uwezo na programu peke yake kwa asiye nao. Tena huyo asiye nao ndiye mwenye simu iliyopasuka kioo, lugha ambayo mashine haijaizoea, na ugonjwa uliochelewa.

Kwa hiyo huduma yoyote ya namna hii naipima kwa kinachotokea baada ya mazungumzo. Programu ikisema "muone daktari haraka", nani anajua kama niliondoka nyumbani? Ikikosea, nani anaitwa kujibu? Programu ya mama mkubwa ilifunga mazungumzo kwa kumtakia afya njema na kumwomba aipe nyota.

Nilipoitwa kurudi chumbani siku ile, nesi alinieleza kwa ruhusa ya mama mkubwa mwenyewe: choo kilikuwa cheusi, chenye kunata kama lami, siku ya pili hiyo. Huenda tumbo lilikuwa linavuja damu. Vidonge vya goti viachwe sasa hivi, na hospitali iwe sasa hivi, si kesho. Akaandika rufaa, akaituma, akanitaka niisome kwa sauti ahakikishe imefika.

Saa 2 usiku tulikuwa kwenye benchi, mama mkubwa ameegemea bega langu, simu ikaita. Ilikuwa namba ileile ya nesi.

"Mmefika?"

"Tumefika, dada. Wanamchukua damu."

"Wameambiwa habari ya diklofenaki?"

Nikasimama kwenda kuwaambia.