Rufaa dhidi ya Mashine

Mwaka 2019, katika jumba la makumbusho la MAK mjini Vienna, wasanii Tega Brain, Julian Oliver na Bengt Sjölén walionyesha kazi waliyoiita Asunder. Ni meneja wa mazingira wa kubuni: mfumo wa akili unde unaochagua eneo fulani la dunia, ukazisoma picha zake za setilaiti pamoja na takwimu za tabianchi, bayoanuwai na watu, kisha ukapendekeza mabadiliko yatakayoirudisha sayari ndani ya mipaka salama. Mapendekezo hayo hupitishwa kwenye CESM, modeli halisi ya tabianchi ambayo wanasayansi huitumia. Majibu yake mara nyingi ni kichekesho kwa binadamu: miji ihamishwe, ukanda wa pwani unyooshwe kama uliopigwa rula.

Ni rahisi kuicheka mashine hiyo na kwenda zako. Mimi naona imetii agizo, na kwa kuwa haina jamaa wala makaburi ya wazee wake katika eneo hilo, haikuwa na sababu ya kusita. Linalonishughulisha ni kwamba katika serikali hiyo ya kubuni hakuna mahali pa kupeleka pingamizi, na upungufu huo nauona karibu katika kila kazi ya usanifu wa kidhahania, yaani ule unaobuni vitu na taasisi zisizokuwapo ili tuzitafakari, inayogusa utawala: wasanifu hutuchorea kwa ustadi namna uamuzi utakavyotolewa, lakini si namna utakavyopingwa.

Na mambo haya yameanza kutoka nje ya makumbusho. Septemba 2025 serikali ya Albania ilimtangaza Diella, aliyekuwa msaidizi wa kidijitali katika tovuti ya huduma za umma, kuwa waziri wa zabuni za serikali. Hoja ilikuwa kwamba mashine haihongeki, na sura yake ya skrini ikavalishwa vazi la jadi la nchi hiyo, pengine ili wananchi wasione kuwa wanatawaliwa na mgeni. Sawa, haihongeki. Lakini mzabuni aliyekataliwa bila haki atamshtaki nani?

Tuihamishie hoja delta ya Rufiji, penye msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote Afrika Mashariki, ambako wakulima wa mpunga na wahifadhi wamevutana kwa miaka mingi. Mashine iliyoagizwa kuhifadhi kaboni ingetoa jibu kabla chai haijapoa: mpunga utoke. Hesabu yake ingekuwa sahihi, kwa sababu tope la mikoko huhifadhi kaboni nyingi mno. Sasa mfikirie mzee aliye juu ya dungu lake akifukuza ndege, simu inaita, ujumbe unamwarifu kwamba shamba lake limepangiwa matumizi mengine. Atashuka aende kwa mtendaji wa kijiji, naye, kwa heshima zote, atamjibu: “Mzee wangu, hili limetoka kwenye mfumo, mimi sina uwezo nalo.” Jibu hilo halihitaji ubashiri wowote, kwani aliyewahi kupanga foleni dirishani kwa ajili ya cheti anaujua mfumo unapogoma.

Sidai kwamba mikoko iachwe ikatwe, wala kwamba serikali zisitumie akili unde kutabiri mafuriko au kufuatilia ukataji wa misitu, kazi ambazo kompyuta inazimudu kuliko kamati. Ninachodai ni kwamba wasanifu wanaotubunia serikali za kesho wabuni pia zile sehemu zinazochosha. Katika onyesho lijalo, kando ya skrini, ningependa kuona fomu ya rufaa iliyoandikwa kwa lugha ya mkulima, utaratibu unaosimamisha utekelezaji hadi rufaa isikilizwe, rekodi ya takwimu zilizotumika ambayo mwanakijiji anaweza kuikosoa, na jina la ofisa aliyetia saini agizo lililopewa mashine.