Boma Limesimama, Dawa Atanunua Nani?

Kila inapokaribia Machi 8, Siku ya Wanawake Duniani, wodi za wazazi za hospitali za Dodoma hupata wageni. Akina mama wa taasisi za umma, benki na vikoba huja wamevaa sare za kitenge, mikononi wana sabuni ya unga, nepi, shuka, mafuta ya kupaka na ndoo. Picha zinapigwa, hotuba fupi inatolewa, mganga mfawidhi anashukuru na kuwaomba wengine waige. Tangu serikali ianze kuhamia hapa kwa kasi baada ya 2016, wenye uwezo wa kufanya ziara kama hizo wameongezeka mjini.

Mitandaoni hawakosekani wanaozibeza picha hizo. Mimi siungani nao. Aliyejifungua usiku akiwa na khanga moja hana habari na aliyepiga picha, anataka sabuni. Ila nyuma ya kejeli zao kuna swali la haki: michango yetu wenyewe kwa wenyewe inabeba sehemu gani ya huduma za afya na ustawi wa jamii huku Kanda ya Kati, na sehemu gani haiwezi kuibeba hata tukichanga vipi?

Tukianza na inayoibeba, ni kubwa. Hospitali ya Mvumi iliyoko Chamwino ni ya Kanisa Anglikana, na ile ya Mtakatifu Gaspar, Itigi mkoani Singida, ni ya wamisionari Wakatoliki. Kwa miaka mingi mgonjwa wa vijiji vya jirani amepata daktari kwa sababu watu wa dini waliamua kumtafuta alipo. Kisha yako majengo ya umma. Mpango wa maendeleo ya afya ya msingi ulioanza 2007 ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata, na njia iliyozoeleka tunaijua: wananchi wanasomba mawe, mchanga na maji, wanafyatua tofali, wanasimamisha boma, yaani kuta zisizo na paa, halmashauri inakuja kupaua na kumalizia. Ukipita vijijini utakuta pia maboma yaliyosubiri bati mpaka kuta zikaanza kuliwa na mvua.

Hapo ndipo tatizo linapoanza kuonekana. Hisani inapenda kitu chenye mwisho. Ukuta unakwisha, kitanda kinakabidhiwa, deni la mgonjwa mmoja linalipwa na watu wanapongezana kwenye kundi la WhatsApp. Mshahara wa muuguzi haukwishi. Dawa za presha na kisukari hazikwishi kuhitajika. Sijawahi kuona mwaliko wa harambee ya kununua dawa za presha za kijiji kimoja kwa mwaka mzima, na wala sidhani kama mgeni rasmi angependa kuizindua.

Vikope, yaani trakoma, vinalionyesha hili vizuri zaidi. Ugonjwa huu wa macho umepofusha watu wengi Ugogoni, na Wilaya ya Kongwa, hapa Dodoma, imekuwa uwanja wa utafiti wake kwa miongo kadhaa. Dawa ya azithromycin iligawiwa bure, ikitolewa na kampuni ya Pfizer ya Marekani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kuipata. Msaada mkubwa, hakuna ubishi. Lakini mbinu yenyewe ya kupambana na vikope ina mambo manne: upasuaji wa kope, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira. Dawa inamezwa mara moja kwa mwaka. Uso wa mtoto unanawishwa kila siku, kwa maji ambayo mama ameyafuata mbali. Mfadhili wa ng'ambo hawezi kuifanya hiyo kazi ya kila siku, na kamati ya maji ya kijiji inaweza, mradi pampu ikiharibika kuwe na fedha ya kuitengeneza.

Wanaotetea michango ya wenyeji wana hoja nyingine nzito, hasa tangu Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje na miradi ya afya, ikiwamo ya UKIMWI, ikayumba ghafla. Cha jirani hakizimwi kwa saini ya mtu aliye Washington, wanasema. Kweli. Ila cha jirani wa Dodoma kinazimwa na mvua. Eneo hili hupata msimu mmoja tu wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na wastani wa mjini hauvuki sana milimita 570 kwa mwaka. Mwaka ambao mtama na alizeti vimekauka shambani ndio mwaka ambao watoto wanadhoofu na zahanati inajaa, na ndio huohuo ambao mfuko wa kijiji hauna kitu. Anayechangiwa na wa kuchanga wamepigwa na ukame mmoja. Kwa sababu hiyo tu, kabla ya nyingine yoyote, hisani ya mahali haiwezi kuwa nguzo ya afya. Lazima mzigo uvuke mkoa, kwa kodi au kwa bima.

Sababu nyingine ni ya haki. Mchango wa kijiji mara nyingi ni hiari yenye mgambo. Kaya ya mjane inatajiwa kiasi kilekile anachotajiwa mwenye zizi la ng'ombe, na asiyelipa anaitwa kwa mtendaji. Kodi ingeangalia kipato, na sadaka ingeangalia moyo. Huu mchango hauangalii chochote.

Je, basi tuache kutoa, tuisubiri Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, ambayo imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo? Hapana. Bima hailipi nauli ya pikipiki kutoka kijijini. Haimlishi ndugu anayemuuguza mtu wiki tatu mjini. Haimtafutii pa kwenda mgonjwa aliyepata nafuu Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili, na ndugu zake hawapokei simu. Haya ni ya jumuiya, msikiti na jirani, na ofisa ustawi wa jamii mwenye mafaili yaliyojaa meza hatayaweza peke yake. Hata hapo, tuangalie tunakoelekeza mikono: Krismasi na Idi mchele unakwenda kwenye vituo vya yatima vyenye kibao barabarani, na yatima anayelelewa na bibi yake wilayani Bahi hana kibao.

Ningependa sehemu ya michango yetu ihamie kwenye yasiyopigwa picha. CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ilitoza Sh30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Kadi moja ya harusi mjini hapa inaweza kutudai zaidi ya hiyo bila sisi kunung'unika. Najua jibu la wengi: kadi ya nini, wakati ukifika dirishani unaambiwa dawa hakuna, kanunue dukani? Shaka hiyo ina msingi, na haiondolewi kwa semina ya uhamasishaji. Inaondolewa kwa hesabu. Tangu 2017/18 zahanati na vituo vya afya vya umma vimekuwa vikipokea fedha moja kwa moja kwenye akaunti zao, na vina kamati za usimamizi zenye wajumbe wa kijiji. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu. Hapo isomwe fedha iliyoingia, dawa zilizonunuliwa na siku zilizopita bila dawa. Aliyechangia akisikia kwamba dawa za presha ziliisha wiki ya pili, ataamua mwenyewe kama atoe tena au aanze kumfuata diwani.