Juno and the Paycock: Sean O'Casey anawacheka maskini au anawatetea?

Wapo wanaosema hii tamthilia ya Sean O'Casey, mwandishi wa Ireland, iliyopanda jukwaani kwa mara ya kwanza Abbey Theatre, Dublin, Machi 1924, imewageuza maskini wa Ireland kuwa vichekesho vya watu walioshiba. Mi naona hoja yao ina uzito, ila wanaisema kana kwamba tamthilia inaishia tendo la pili.

Stori kwa kifupi: ni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vimepamba moto, familia ya Boyle inakaa vyumba viwili kwenye jumba chakavu la wapangaji. Baba, ndo huyo Paycock (tausi) wa kwenye jina, anajiita Kapteni, hana kazi na haitaki, ikitajwa tu miguu inaanza kumuuma, anashinda baa na rafiki yake Joxer. Mama Juno ndo anaewalisha wote. Binti yao Mary kagoma kazini kisa mwenzake kafukuzwa, kijana wao Johnny kapoteza mkono kwenye mapigano na anaishi kwa hofu coz alimuuza mwenzake akauawa. Mara anatokea mwalimu Bentham na habari ya mirathi, kati ya paundi 1,500 na 2,000, basi wanakopa fanicha, gramofoni, suti mpya, kumbe wosia umeandikwa hovyo, umesema binamu tu bila kutaja majina, hela haiji, na Bentham kashatoroka kamwacha Mary mjamzito.

Sasa wanaolalamika wanasema hivi, kwa matendo mawili mtazamaji anacheka ulevi na uongo wa Kapteni, akitoka hapo si ataamini watu wanakuwa maskini kwa uvivu wao tu? Tena mwenye nyumba haonekani, mwajiri wa Mary haonekani. Hapo wamenigusa kweli, maana O'Casey hakuwa mgeni wa haya mambo, alikuwa kibarua, mwaka 1914 alikuwa katibu wa Irish Citizen Army, jeshi la wafanyakazi, na 1913 kwenye huo huo mji wake nyumba za kupanga za Church Street ziliporomoka zikaua watu 7. Alijua nani alikuwa anakusanya kodi kwenye yale magofu. Alafu mgomo wa Mary unapewa mistari michache na Juno mwenyewe anauponda.

Lakini hebu msikilize Juno vizuri. Haupondi mgomo kwa ujinga, anapiga hesabu za mtu mwenye mshahara mmoja na midomo minne, na mtu wa hivyo ana haki ya kuuliza mgomo utamlisha nani wiki hii. Na yale madeni ambayo watu wanayaona ni upumbavu wa familia moja, angalia nani waliokopesha. Bi Madigan kaweka rehani blanketi na meza yake apate cha kumkopesha Kapteni! Fundi cherehani nae kashona suti kwa mkopo. Yani mtaa mzima uliiamini ile mirathi, na siku inapoyeyuka maskini ndo wanamnyang'anya maskini mwenzao, Bi Madigan anabeba gramofoni, fundi anachukua suti yake. Huo sio uvivu, hivyo ndivyo shida inavyozunguka kwa watu wasio na akiba.

Tena O'Casey hampendelei hata mtu wa siasa safi. Jerry Devine, mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi, anamwambia Mary bado anampenda, akigundua ana mimba anarudi nyuma, baba yake na kaka yake nao wanamkataa, anabaki Juno peke yake kusema yule mtoto atakuwa na mama wawili.

Na mwisho ndo unaonifanya niwe upande wa O'Casey. Johnny kashauawa, Juno na Mary wameondoka, Kapteni anaingia na Joxer wamelewa chakari, hajui kama mwanae kafa, anaongea maneno yale yale tuliyokuwa tunayacheka mwanzoni na safari hii yanachoma. Kicheko chote kilikuwa mkopo. Ila hii inategemea sana muigizaji, Kapteni akifanywa mchekeshaji tu toka mwanzo basi ile sini haitouma na walalamikaji watakuwa sahihi.

Kuhusu mwenye nyumba kutoonekana, hapo simtetei. Sini moja ya mtu kuja kudai kodi isingeharibu chochote.