Makisio ya nyanya yapangwe kabla ya kitalu

Julai mwaka jana tuliingia bustanini alfajiri, mimi na vibarua sita, huku bondeni Mpwapwa. Matenga matupu yalikuwa yamepangwa kando ya mfereji. Makisio yangu kwa msindikaji, yaani mzigo ambao mwenye kiwanda cha nyanya alikubali kununua kwangu, yalikuwa matenga 120. Saa mbili asubuhi, ndoo za kwanza zikiwa zimeshamiminwa, wakala akapiga simu: "Mzee, makisio yamepunguzwa. Kwako tunachukua hamsini tu." Sababu hakunipa. Mama mmoja aliyekuwa anachuma akasimama na ndoo kichwani, akaniuliza, "Baba, tuendelee au tuache?"

Nikamwambia tuendelee, maana ningefanya nini? Nyanya ya kiwanda huachwa shambani hadi iwe nyekundu mpaka kwenye kikonyo. Nyanya ya kupeleka Dar es Salaam huchumwa ikiwa bado ngumu, ndiyo kwanza inageuza rangi, ili ihimili safari ya lori. Ukishaivisha kwa ajili ya kiwanda, umejifungia mlango wa soko la mbali. Wapunguza makisio siku ya kuchuma ama hawalijui hilo, ama wanalijua na hawajali.

Matenga mengine niliyauza pale pale Mpwapwa, mengine nikayapeleka soko la Majengo, Dodoma mjini, kwa bei iliyolipa kenta na mafuta tu. Maji ya nyanya yalichuruzika kwenye bodi la gari njia nzima. Jirani yangu, mama wa Kigogo, alinishauri nizikaushe kama wanavyokausha mlenda, tukakata vipande na kuvianika juani. Lakini nyanya ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Tenga zima lilibaki kabeseni kamoja, na mikono yetu ilikuwa michache. Matenga 23 niliyamwaga nyuma ya kibanda.

Sisemi makisio yasibadilishwe. Msindikaji naye ana yake: kilo moja ya nyanya nzito ya kopo inakula karibu kilo sita za nyanya mbichi, mtambo unaweza kuharibika, na nyanya iliyosindikwa tayari ikishuka bei huko nje, mapipa yake yanaagizwa kutoka huko na sisi tunaachwa. Na sisi wakulima hatuko safi. Bei ya sokoni ikipanda, wapo wanaotorosha mzigo usiku na kumwambia wakala kwamba kanitangaze, mdudu anayeshambulia nyanya, kamaliza shamba. Nimewaona.

Ninachokataa ni hasara yote kutupiwa mtu mmoja, tena siku ambayo hana tena la kuchagua. Wakulima wa tumbaku Tabora wanalijua neno makisio kuliko sisi, na wao pia limewaumiza. Ila tumbaku ikishakaushwa inaweza kusubiri ghalani huku watu wakibishana. Nyanya yangu haisubiri hata siku tatu.

Umoja wa Ulaya, kuanzia msimu wa 2001, uliachana na mgao wa kiwanda kimoja kimoja, ukaweka kiwango cha nyanya za kusindikwa cha tani 8,251,455 kwa nchi tano, Italia peke yake ikiwa na tani 4,350,000. Ruzuku ilikuwa yuro 34.50 kwa tani, na ilipitia vyama vya wakulima badala ya viwanda. Kiwango kikivukwa, ruzuku ilipunguzwa kwa nchi zilizovuka. Sisi hatuna ruzuku ya namna hiyo na siiombi hapa. Ninachokitamani ni kile cha kujua mapema: kiwango kimeandikwa, na adhabu ya kukivuka imeandikwa.

Kwa hiyo makisio yasainiwe kabla mbegu haijaingia kitaluni, kwa kilo na si kwa matenga, maana tenga la wakala halijawahi kulingana na tenga langu. Yasainiwe na AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ili mmoja akishambuliwa na kanitangaze, mwenzake ajaze pengo lake. Kupunguza kuruhusiwe hadi siku ya kupandikiza miche. Baada ya hapo, anayepunguza alipe walau gharama za mbegu, dawa, mafuta ya pampu na vibarua, na mkulima anayetorosha mzigo alipe vivyo hivyo. Wizara ya Kilimo iko Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, haiko mbali na mashamba yetu. Mkataba wa mfano wa kurasa mbili, wa Kiswahili chepesi, hauwezi kuwa kazi kubwa kwao.

Wiki iliyopita wakala yule yule alinipigia, akitaka matenga 150 msimu huu. Pakiti za mbegu ziko kabatini, hazijafunguliwa. Nimemwambia aje na karatasi kwanza, yenye kilo, tarehe na jina la atakayelipa, tukaisome pamoja mbele ya mwenyekiti wa ushirika. Amesema atanijibu Jumatatu.